Kijana wa Ngara Mbele ya Jopo la Muziki

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa hapa Ngara alifika studio akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Aliamkia, akaketi, akatoa karatasi moja na kuniomba nimweleze mambo mawili matatu yaliyoandikwa humo. Si kwamba hajui kusoma. Amemaliza kidato cha sita na Kiingereza chake kinamtosha. Lakini mambo yenyewe yalikuwa magumu hata kwangu mimi, na diploma yangu ya uandishi wa habari, hadi nikampigia simu rafiki yangu mmoja mwalimu wa kwaya ili anifungue macho.

Karatasi ile ilitoka katika chuo kimoja kinachotoa shahada ya kwanza ya muziki. Kijana aliomba kusoma upande wa nadharia: yaani namna sauti zinavyopangwa, kwa nini wimbo huu unalia hivi na ule vile, mapigo yanavyogawanywa, na jinsi nyimbo zinavyoandikwa. Wakamjibu kwamba kabla ya kumpa nafasi wanamtaka afike kwenye usaili. Huko atapiga vipande viwili vya mitindo tofauti kwa ala anayoimudu zaidi. Ataimba nota ambazo hajapata kuziona. Atapigiwa sauti mbili za piano na kutaja umbali uliopo kati yake. Atapigiwa mapigo, ayaandike. Mwisho ataulizwa kwa nini anataka kusoma muziki.

"Mzee," akasema, "mimi nimeomba nadharia. Kwa nini wanataka nipige ala?"

Nilimwambia arudi baada ya siku kumi. Mazungumzo ya leo ni jibu nililomtafutia, na nimeona nisimpe yeye peke yake, kwa maana wapo vijana wengine katika kwaya za Ngara na Biharamulo wanaolala wakiota jambo hilo hilo.

Tuanze mbali kidogo. Katika Ulaya ya zamani mtoto alijifunza muziki kwa baba yake, au kanisani, au kwa fundi aliyekaa naye kama vile mtu anavyokaa kwa fundi seremala. Hapakuwa na jopo. Jopo lilikuja pamoja na vyuo vya muziki. Ufaransa ilianzisha chuo chake cha muziki cha Paris mwaka 1795, katikati ya mapinduzi yao. Uingereza ikafuata kwa kuanzisha chuo cha kifalme mjini London mwaka 1822, na Wajerumani wakafungua chao mjini Leipzig mwaka 1843. Nafasi zilipokuwa chache, ikabidi waombaji wachujwe. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kumsimamisha kijana mbele ya watu watatu au wanne wenye kalamu na kumwambia: haya, piga tusikie.

Sasa nisimulie kisa kimoja cha jopo la namna hiyo, maana kinatugusa sisi watu wa mpakani.

Mwaka 1832 kijana wa miaka 18 alitoka katika kijiji cha Le Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto, akaenda Milan kuomba nafasi katika chuo cha muziki. Baba yake alikuwa na kilabu cha kuuzia mvinyo. Aliyemshika mkono ni mwenye duka mmoja wa Busseto, Antonio Barezzi, mpenda muziki aliyeona kipaji chake. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Milan ilikuwa chini ya Austria, na Busseto ilikuwa katika utawala mwingine, wa Parma. Kwa hiyo kijana alipofika Milan alihesabiwa kuwa mgeni wa kutoka nje. Aidha, umri wake ulikwisha kupita ule uliotakiwa. Tena alipopiga piano, mwalimu aliyemsikiliza akaona kwamba mikono yake imekaa vibaya juu ya vidole vya kinanda. Tungo alizoziwasilisha zilisifiwa, lakini hazikumwokoa. Akakataliwa.

Kijana huyo ni Giuseppe Verdi, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi mkubwa wa opera kuliko wote katika Italia. Barezzi alimlipia akasoma kwa mwalimu wa faragha mjini humo humo. Na chuo kile kilichomkataa leo kinaitwa kwa jina lake.

Ninaposema kisa hiki kinatugusa, nina maana ya ule mpaka. Mwana wa Ngara anajua ilivyo kusimama mbele ya meza ya mtu na kuulizwa kwanza, kabla ya lolote, "Wewe ni Mtanzania kweli?" Eti kwa sababu lafudhi yake inafanana na ya ng'ambo. Bugufi ilikuwa imeshikamana na ufalme wa Burundi, na ni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana mali ya Mjerumani, ndipo ilipobaki upande wa Tanganyika. Mpaka ulichorwa, lakini lugha haikukatika, wala ngoma. Kijana wetu katika bahasha yake ya kaki alikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha uraia wake. Hakuombwa barua hiyo. Ameibeba kwa mazoea.

Visa vya kukataliwa ni vingi. Marekani, mwaka 1951, msichana mweusi aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Nina Simone alipiga piano mbele ya jopo la chuo cha Curtis mjini Philadelphia, naye hakuchukuliwa. Mwenyewe aliamini maisha yake yote kwamba ni rangi yake iliyomponza. Chuo hicho kilikuja kumpa shahada ya heshima mwaka 2003, siku chache tu kabla hajafariki. Lakini visa hivi visimdanganye mtu. Si kila aliyekataliwa ni Verdi. Wengi waliokataliwa walikuwa hawajajiandaa, na jopo lilisema kweli.

Turudi kwenye swali la kijana. Kwa nini anayetaka nadharia apige ala?

Jibu la vyuo ni kwamba nadharia bila sikio ni hesabu tupu. Mtu anaweza kukariri kwamba kutoka do hadi sol kuna hatua tano, akapata alama zote kwenye karatasi, na bado asiitambue do na sol zikilia nyuma ya mgongo wake. Ala ndiyo ushahidi kwamba muziki umeingia mwilini. Nalikubali jibu hilo kwa sehemu kubwa. Mwandishi wa habari asiyeweza kumhoji mtu ana kwa ana hasaidiwi na cheti. Ila vyuo vya Ulaya na Marekani vilipokuwa vikijenga usaili huo, ala waliyoifikiria ilikuwa piano, fidla, tarumbeta, na sauti iliyofunzwa kwa nyimbo zao. Sikio lenyewe nalo lilipimwa kwa ala hizo hizo.

Hebu tuangalie kipimo cha sikio. Mwaka 1919 mwanasaikolojia Carl Seashore, wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alitoa vipimo vya kipaji cha muziki vilivyorekodiwa katika santuri. Mtoto anasikilizishwa sauti mbili na kuulizwa: ya pili iko juu au chini? Mapigo haya mawili yanalingana? Yeye aliamini kwamba anapima kitu alichozaliwa nacho mtu, kama vile kupima urefu. Wengine wakabisha kwamba sikio hulelewa, na mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi.

Mimi niko upande wa wanaosema sikio hulelewa, na ushahidi hauko mbali na hapa. Piano imegawanya oktava moja katika hatua 12 zilizo sawa. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alibuni kipimo kidogo alichokiita senti, na kwa kipimo hicho oktava ni senti 1,200 na kila hatua ya piano ni senti 100. Sasa chukua marimba ya Waganda iitwayo amadinda, iliyokuwa ikipigwa ng'ambo ya mto Kagera huko. Ina mbao 12, na oktava yake ina sauti tano zilizotengana kwa umbali unaokaribiana, kiasi cha senti 240 hivi. Hakuna mahali katika piano penye senti 240. Kuna 200 na kuna 300. Mtu aliyelelewa na amadinda akipigiwa piano atasikia kitu kilichopinda, na mtu wa piano akisikia amadinda atasema haijatiwa sauti vizuri. Kila mmoja ana sikio zima.

Na katika amadinda hiyo hiyo kuna jambo la ajabu zaidi. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, marimba ikiwa katikati. Wa kwanza anapiga mfululizo wake kwa mwendo mmoja usiobadilika. Wa pili anaingiza wake katika nafasi zilizoachwa, pigo lake likianguka katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu ana mbao mbili tu za mwisho, anaokota na kurudia sauti fulani fulani. Ukiyumba kidogo mnaanguka wote. Mwaka 1959 kijana Mwaustria, Gerhard Kubik, alifika Kampala na kujifunza kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyepata kupiga katika jumba la Kabaka. Kubik akagundua kwamba wimbo anaousikia msikilizaji haupigwi na mpigaji yeyote. Wa kwanza hapigi wimbo ule, wala wa pili. Unazaliwa sikioni, pale sauti za chini zinapojikusanya zenyewe na za juu zenyewe. Mwaka 1960 aliandika makala kueleza muundo huo, na tangu hapo wasomi wa nadharia ya muziki duniani wameendelea kuunukuu.

Mnaona basi, ndugu wasikilizaji. Muyinda alikuwa profesa wa nadharia asiye na joho. Mwanafunzi wake alipimwa kwa jambo moja: akipewa sehemu yake, je, ataishika wakati mwenzake anapoingia katikati? Hicho nacho ni kipimo cha sikio, na nina hakika wahitimu wengi wa piano wangekishindwa asubuhi ile ile.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba sisi tulikuwa hatujui kabisa njia ya wazungu. Ilitufikia zamani, kupitia kanisani. Wamisionari Wakatoliki, White Fathers, walifika Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, na Walutheri wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910. Wa kwanza walikuja na nyimbo za Kilatini, wa pili na tenzi za Kijerumani za sauti nne. Na kutoka upande wa Waingereza ikaja ile njia ambayo kijana wetu ameisoma bila kujua historia yake: sol-fa.

Asili yake ni mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyechoka kuwafundisha watoto wa kwaya nyimbo kwa kukariri miaka nenda rudi. Katika karne ya 11 alizipa sauti majina, ut, re, mi, fa, sol, la, ili mtoto aweze kuimba wimbo asioujua. Miaka 800 baadaye mwalimu Mwingereza, Bi. Sarah Glover wa Norwich, akaanza kuwaandikia watoto muziki kwa herufi tu badala ya mistari mitano. Mchungaji John Curwen akaichukua njia hiyo, akaitengeneza na kuieneza. Mwaka 1841 Curwen alikuwa ametakiwa na wenzake atafute njia rahisi ya kufundisha watu kuimba kanisani, na yeye mwenyewe hakuwa mwanamuziki hodari. Labda ndiyo sababu njia yake ilifaa. Inahitaji karatasi na penseli. Haihitaji kinanda. Kwa bei hiyo ikavuka bahari na wamisionari mpaka Afrika.

Na hapa nina kisa kingine ambacho ningependa kijana akiweke mfukoni. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga wimbo na kuuandika kwa sol-fa katika daftari lake. Hakusoma chuo chochote kikuu cha muziki. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Wimbo wake ukazunguka bara zima, na mwaka 1961 sisi tukaufanya wimbo wa taifa letu kwa maneno ya Kiswahili. Kila unaposimama wima uwanjani, unausimamia muziki ulioandikwa kwa d, r, m.

Kwa hiyo kijana akiulizwa na jopo umbali wa sauti mbili, asitetemeke. Azitafutie majina ya sol-fa moyoni. Do hadi sol, ni ya tano. Do hadi fa, ni ya nne. La hadi do, ni ya tatu ndogo. Ameyaimba hayo tangu akiwa mtoto. Kilichobaki ni kujifunza majina wanayoyatumia wao, na rafiki yangu mwalimu wa kwaya amekubali kumfundisha kwa jioni tatu.

Jambo ambalo sol-fa haikutusaidia ni lugha. Kihangaza, kama Kirundi na Kiha, ni lugha ya toni. Neno lina mpando na mshuko wake, na ukiupindua unaweza kusema jambo jingine kabisa. Tenzi za Ulaya zilipotafsiriwa, maneno yalibandikwa juu ya tuni iliyokwisha kutungwa kwa ajili ya Kijerumani au Kiingereza. Neno likitaka kushuka, tuni inapanda. Sisi watoto tulikuwa tukiwaona wazee wakitazamana kanisani na kubana midomo, hatujui kwa nini. Kumbe mstari wa pili ulikuwa umesema kitu ambacho mchungaji hakukikusudia! Kiswahili kiliponea kidogo, kwa kuwa chenyewe hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na hakina toni, lakini nacho kilivunjwa mgongo mara nyingi.

Waafrika waliolitambua tatizo hilo walikuwa wananadharia, ingawa hakuna aliyewaita hivyo. Mganda Joseph Kyagambiddwa alichapisha mwaka 1955, huko New York, kitabu juu ya muziki wa chanzo cha Nile, na humo akaziandika nyimbo za Kiganda kwa namba, si kwa mistari mitano. Ndiye aliyetunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa kuwa watakatifu. Kwetu, padre Stephen Mbunga alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia iliyoagiza kwamba katika nchi za misioni muziki wa wenyeji uheshimiwe na upewe nafasi yake katika ibada. Kwa Walutheri, Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, alikusanya tuni za Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, mwaka 1968. Ngoma ikaruhusiwa kuingia kanisani kwa mlango wa mbele.

Je, iliruhusiwa kuingia darasani? Hapo ndipo penye kinyongo changu.

Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, Desemba 1962, alilalamika hadharani kwamba vijana tulifundishwa dansi za kizungu tukaachwa bila kuzijua ngoma zetu, akaunda wizara ya utamaduni. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaanzishwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960, na muziki ukaongezwa katika miaka ya 1970. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na huko mafundi kama Hukwe Zawose, Mgogo wa zeze na ilimba aliyefariki mwaka 2003, walifundisha vijana waliotoka kila pembe. Mkoani kwetu Kagera walikuwapo Walutheri wa Ruhija na shule yao ya muziki wa kanisa, iliyotoa walimu wa kwaya wengi. Makerere nao walianzisha idara ya muziki, dansi na drama. Zanzibar ikapata chuo chake cha muziki wa nchi za majahazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako taarabu inafundishwa kwa udi na kanuni, na kwa nota pia. Hivyo haiwezi kusemwa kwamba hakuna kilichofanyika.

Lakini chini, katika shule za kawaida, muziki uligeuka kuwa nyimbo za kumkaribisha mgeni rasmi. Mkuu wa wilaya anakuja, watoto wanafundishwa wimbo juzi yake, anaondoka, wimbo unasahauliwa. Kenya, pamoja na matatizo yao, walikuwa na tamasha la muziki la shule lililoanza mwaka 1927, na muziki uliwekwa kwenye mtihani wa taifa wa sekondari. Hata wimbo wao wa taifa, mwaka 1963, uliandaliwa na kamati ya watu watano wenye ujuzi, miongoni mwao George Senoga-Zake na Washington Omondi, kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Mtoto wa Kenya angeweza kufika mbele ya jopo akiwa amekwisha kufanya majaribio ya namna hiyo mara kadhaa. Wa Ngara anakutana nalo mara ya kwanza siku ile ile inayoamua maisha yake, baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa basi.

Wako wanaosema basi tufute nota, ni mabaki ya ukoloni. Sikubaliani nao hata kidogo. Nota ni maandishi, na maandishi hayana kabila. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja na ushei, na Benaco ikawa kama mji mkubwa uliootea usiku. Nilikuwa mwanafunzi. Jumapili sauti za kwaya zilitoka chini ya maturubai ya bluu, sauti nne kamili, za watu ambao hawakuokoa hata sufuria. Baadhi ya walimu wao walikuwa wakiandika d, r, m kwa mkaa juu ya maboksi ya msaada ili wimbo usipotee. Tangu siku hizo mtu akiniambia nota ni anasa, namtazama tu.

Ninalolitaka ni jopo lenye masikio mawili. Mpe kijana piano, na mpe pia nafasi ya kuonyesha anachokijua kwa ala yake, kisha umwulize maswali ya nadharia juu ya ala hiyo kwa ukali ule ule. Maana nadharia imo. Chukua ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2014. Ngoma kumi na zaidi husimama nusu duara, na moja, inkiranya, huwa katikati. Amashakwe hushika pigo moja lisiloyumba. Ibishikizo hufuata inkiranya inavyoamuru. Hizo ni kazi tatu tofauti, zenye majina, na kila mpigaji anajua yake. Dunia ilizisikia: zilirekodiwa mwaka 1967, na mwaka 1975 Joni Mitchell aliiweka rekodi hiyo chini ya wimbo wake mmoja. Wanamuziki wa Uingereza wakayaiga mapigo hayo miaka michache baadaye na kupata fedha. Na kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Watu walioita serikali kwa jina la ala ya muziki hawakosi nadharia.

Kijana alirudi siku ya kumi, kama tulivyoagana. Nilimweleza haya yote kwa kifupi kuliko nilivyowaeleza ninyi. Tukaja kwenye vile vipande viwili vya mitindo tofauti. Cha kwanza alikwisha kukichagua: kipande cha kinanda alichofundishwa parokiani, cha kurasa mbili. Cha pili alikuwa hajui.

"Babu yako si alikuwa mpiga ngoma?" nikamwuliza.

"Ndiyo, mzee. Lakini hiyo wataijuaje kuisahihisha?"

"Utawafundisha."

Akacheka, kisha akanyamaza. Akaomba karatasi. Kwa rula ya fundi mitambo wetu akachora mistari mitatu, akaweka nukta: za juu za pigo lisilobadilika, za kati za ngoma inayoongoza, za chini za zinazoitikia. Alifuta mara mbili mstari wa kati, akipiga meza kwa vidole na kuhesabu kwa mdomo. Ilimchukua kama saa nzima, na fundi mitambo akachelewa kula. Alipomaliza nilimwomba anakili nakala ya pili, tukabaki nayo hapa studio.

Basi lake linaondoka Jumatatu alfajiri, kupitia Nyakanazi na Kahama. Ameniambia konda amekwisha kumweleza kwamba ngoma haitakaa mapajani, italipiwa kama mzigo.